Kuhamia OpenLP 3 bila kupoteza nyimbo za kwaya

mitambo_Ligula
Bwana asifiwe wapendwa. Hapa Mtwara kanisani tunatumia OpenLP 2.4, programu ya kuonyesha maneno ya nyimbo ukutani, kwenye laptopu ya zamani. Ina nyimbo kama 1,400: za kitabu, mapambio, na za kwaya, zikiwemo za Kimakonde ambazo hazijaandikwa popote pengine. Laptopu mpya imeshafika, itawekwa OpenLP 3. Fundi anasema atabeba folda ya programu kutoka Program Files kwa flashi. Inatosha? Halafu vijana wana EasyWorship 2009, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, kwenye mashine yao, tunataka na nyimbo zile ziingie humo humo.

kinanda_Lindi
Amina mtumishi. Mzuieni huyo fundi. Program Files ina programu tupu. Maneno yote yako kwenye faili moja, songs.sqlite, ndani ya AppData\Roaming\openlp\data\songs ya mtumiaji husika. AppData imefichwa, ndiyo maana mashine hufomatiwa na nyimbo zikaenda nazo. Usihangaike kuitafuta: fungua OpenLP, nenda Tools, bofya Open Data Folder.

Ikishafunguka, FUNGA OpenLP ndipo unakili. Ukinakili programu ikiwa wazi unaweza kuchukua faili iliyoandikwa nusu. Chukua folda ya data nzima, maana Biblia ziko bibles, matangazo mliyotunga wenyewe yako custom, mandhari yako themes. Nyimbo zote hizo ni megabaiti chache tu. Kinacholemea flashi ni video. Na video zenyewe usidhani zimo: programu inakumbuka tu mahali faili lilipo, kwa hiyo zibebwe kando na kuongezwa upya.

Kwenye laptopu mpya weka OpenLP 3, ifungue mara moja itengeneze folda zake, ifunge, kisha bandika data ya zamani juu yake. Ikifunguka tena itabadilisha muundo wa faili. Hapo chomeka chaja, umeme wetu mnaujua. Baada ya hapo hakuna kurudi: 2.4 itaikataa faili hiyo ikisema imetoka toleo jipya zaidi. Nakala ya awali ibaki kwenye flashi nyingine, isiguswe.

Kabla ya yote hayo, kwenye 2.4 nenda File, Export, chagua nyimbo zote. Kila wimbo unatoka kama faili yake ya XML, inayosomeka hata kwa Notepad. Database, yaani ile songs.sqlite, ikiharibika, hizi ndizo za kukimbilia.

fundi_Masasi
Niongezee ya EasyWorship 2009. Yenyewe inahitaji faili mbili, Songs.DB na Songs.MB, zikae folda moja. Wengi hubeba ya kwanza tu. Vichwa vya nyimbo viko kwenye DB, maneno yako kwenye MB. Kwa kawaida zipo Public Documents, folda ya Softouch. Zilete kwenye OpenLP kwa File, Import, Song.

Jaribu kwa nakala kwanza, kisha kagua nyimbo zenye ng'. Kama mwandishi alitumia ritifaa (’) iliyopinda na usimbaji, yaani mfumo wa kompyuta wa kusoma herufi, ukachaguliwa vibaya, "nang'aa" inatoka na takataka katikati. Ukiona hivyo, futa ulizoingiza, rudia kwa kuchagua usimbaji wa Ulaya Magharibi. Kusahihisha mkono kwa mkono nyimbo 300 ni adhabu.

mitambo_Ligula
Asanteni sana. Zile za kitabu ziko kwenye mashine zote mbili, si zitajirudia?

kinanda_Lindi
Zitajirudia. Tools ina Find Duplicate Songs, inakuonyesha zinazofanana uchague ya kufuta. Soma beti kwanza, kwaya mbili huimba wimbo mmoja kwa maneno tofauti.

nachingwea_sauti
Mawili tu. Ukifungua ukakuta hakuna hata wimbo, usikimbilie kuweka programu upya: angalia umeingia Windows kwa akaunti ipi, kila akaunti ina AppData yake. La pili, tunzeni faili za ibada zilizopita, zile za .osz. Ndani yake mna maneno ya nyimbo zilizoimbwa siku hiyo. Kwenye mipangilio ya nyimbo kuna kisanduku cha kuingiza nyimbo zinazokosekana. Kiwekee tiki, fungua ibada ya zamani, na wimbo uliopotea unarudi kwenye orodha.