Wale ndege weusi kwa weupe wa Ghuba ya Chwaka

mwani_marumbi
Asalaam aleikum jamani. Mie nalima mwani huku Marumbi, kwa hiyo maji yakipwa nipo pwani, nipende nisipende. Msimu wa Kaskazi huwa tele ndege hawa: wakubwa kuliko vitwitwi, miguu mirefu ya kijivu, mwili mweupe, mgongo mweusi, na domo jeusi nene la kuvunjia, si la kuchokolea matope. Kaa akidakwa hana salama. Sululu nawajua, hawa sio.

Linalonishughulisha ni hili. Ndani ya kundi mna wengine wamepauka rangi, wakubwa sawa na wenzao, lakini huwafuata nyuma wakilia mpaka wapewe kaa. Mama mkwe anasema hao ni wagonjwa. Ni ndege gani, na wametoka wapi? Na mbona wakati wa Kusi nawaona wachache tu?

ngarawa_michamvi
Dada, hao tuko nao tangu mie mtoto. Wanaletwa na upepo wa Kaskazi, kama yalivyokuwa majahazi ya Uarabuni. Na kaa wanaowamaliza ni wetu.

mpita_mikokoni
Ami, kwenye Uarabuni umepiga palepale, ila upepo usiusingizie. Wa mwanzo hufika kabla Kaskazi haijaanza. Wanakuja kwa mbawa zao.

Dada wa Marumbi, umewaeleza vizuri kuliko wageni wangu wenye darubini za bei mbaya. Vitabuni ameandikwa *Dromas ardeola*. Huzaliana kwenye pwani na visiwa vya Ghuba ya Uajemi, Omani, Bahari ya Shamu mpaka Somalia, kuanzia Aprili hivi, huku kwetu masika yanamwagika. Na hapo ndipo ninapompendea: anachimba shimo mchangani, refu kupita mita 1, na ndani anataga yai 1 tu, jeupe. Ndege wengine wa pwani wa kundi lake hutaga juu ya ardhi, mayai yenye madoa yasionekane. Huyu yai lake limo gizani, madoa ya nini? Joto la mchanga nalo linamsaidia kuatamia.

Sasa hao wanaolia. Si wagonjwa, ni watoto wa mwaka huu. Kuvunja kaa kuna ufundi wake, basi mtoto husafiri na wazazi mpaka huku na bado analishwa. Vitwitwi wa Asia ya Kati hawana deko hilo, kinda akitotolewa tu anajitafutia chakula mwenyewe. Wale wachache unaowaona Kusi wengi ni vijana, hawajafikia umri wa kuzaa, hawana haja ya kurudi.

Watalii wakishaona kima punju Jozani huniambia twende zetu hotelini. Ghuba nzima iko hapo, hawaitazami!

kijana_wa_wete
Asante sheikh. Huku Pemba kila mgeni anaulizia bundi wa Ngezi, pwani hapana mtu. Mimi nikiwafuata hawa ndege wanaruka mbali kabisa. Niende saa ngapi?

mpita_mikokoni
Saa ya ukutani iache, tazama maji. Bahari ikijaa hujibana pamoja kwenye fungu la mchanga lililobaki kavu, na hapo usiwasogelee, ndio mapumziko yao. Subiri maji yaanze kutoka, ukae chini mahali pamoja, jua liwe mgongoni kwako. Watakuja wenyewe kufuata kaa. Ukiwa na mbwa, mwache nyumbani.

mwani_marumbi
Shukran sana. Basi kaa wale, mradi wasinikanyagie kamba zangu.

ngarawa_michamvi
Kaa wa Marumbi ndio wale. Wa Michamvi wawaache.