Nimetangaza tovuti ya bei za dagaa miezi mitatu, wafanyabiashara hawaji. Nakosea wapi?

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Nipo chuo mwaka wa pili, hapa Mwanza. Mimi na mwenzangu wa gheto tumetengeneza tovuti: muuzaji wa soko la Kirumba Mwaloni anaweka bei ya dagaa na magunia aliyonayo, mnunuzi wa Dodoma au Kongo anaona, anapiga simu. Kamisheni hatuchukui. Jina la .co.tz tulilipia kwa hela ya bumu (mkopo wa chuo), ndiyo maana sisi wenyewe dagaa tunawala kwa kuwahesabu.

Kuitangaza ndiko kumenishinda. Usiku mmoja nilimwaga linki kwenye magrupu 19 ya WhatsApp. Matano waliniondoa kabla hakujakucha. Nikalipia tangazo Facebook, 30,000. Wakabofya watu 640, nikajipongeza kwa soda. Kuangalia vizuri, wengi wako Dar na simu haikupigwa hata moja.

Mwisho nikachapisha vipeperushi 200, nikatua Mwaloni saa nne asubuhi. Mama mmoja alikipokea, akakigeuza, akachomoa kalamu kwenye kilemba na kuanza kuandika upande mweupe: fulani debe 3, fulani debe 5 bado 2. Akauliza kama ninavyo vingine. Nikampa kumi.

Waliojisajili mpaka leo ni saba, wanne ni wa darasani kwetu. Niongeze hela ya matangazo au niachane nayo?

Mjukuu wa Igombe: Dogo, usiongeze hata mia. Nimeifungua. Umeandika "dagaa" basi. Dagaa gani? Wa mchangani na wa kichanja ni bei mbili tofauti, mnunuzi akitafuna mchanga hakupigii tena. Gunia nalo, la kawaida au lumbesa? Mvua ikiwakuta wameanikwa, bei uliyoweka jana haina kazi. Halafu dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wanaifuata gizani. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inapumzika. Hilo tangazo ulilirusha lini?

Mwanzisha uzi: Dah, kaka. Nimefungua kalenda sasa hivi. Lilidondokea kwenye mwezi mpevu kabisa.

Mpiga Kasia: Hahaha, ulilipia 30,000 kutangaza mzigo ambao haupo.

Mama Wawili: Mwanangu, mimi nipo hapo Mwaloni. Mzigo wa laki saba simpi mtu ambaye sauti yake siijui. Mteja wangu wa Kahama ananitumia ujumbe wa sauti, mimi namtumia picha ya dagaa kiganjani aone rangi, tunamaliza. Hiyo linki kwenye simu yangu inazunguka tu mpaka bando linakata. Na saa nne tunapakia magari, nani akusikilize? Njoo saa nane, tumeshakaa.

Kijiwe Nyegezi: Kwa madalali hapo hujafika bado. Wanakula kwa kila gunia, nawe unataka mnunuzi ampigie muuzaji moja kwa moja. Mimi nilijaribu kitu kama hicho kwenye nyanya, nikaambiwa peupe nisionekane tena sokoni. Tafuta wawili watatu uwaweke upande wako mapema, hata kwa kuwalipa.

Mpiga Kasia: Mbona hamumwoni huyo mama wa kalamu? Kaonyesha shida yake hadharani: anakopesha na hana pa kuandika. Tengeneza daftari la madeni linalokumbusha wadaiwa kwa meseji ya kawaida, hata ya kitochi. Bei zitakuja nyuma yake.

Mwanzisha uzi: Mwenzangu alisema hivyo hivyo siku ileile. Nikambishia, kwa sababu ukurasa wa bei ndio nilioukeshea. Kesho nakwenda saa nane. Mama, shikamoo, nikukute upande gani?

Mama Wawili: Marahaba. Turubai la bluu, ukitokea wanakoshonea magunia. Huyo mwenye kalamu tumepakana, anauliza karatasi zitakuja lini.