Naomba ushauri: mzee anataka kurithisha ufundi wa injini za mvuke

Habari zenu wakuu. Babu yangu alikuwa fundi wa boila kwenye karakana ya reli Nairobi, enzi za zile Garratt za daraja la 59, injini kubwa za treni za mvuke zilizochoma mafuta mazito (moja yao, Mount Gelai, bado ipo Makumbusho ya Reli). Anataka kufundisha vijana angali na nguvu. Akigonga kwa nyundo stei za tanuri (vyuma vinavyoshikilia kuta za tanuri la boila), mlio tu unamwambia ipi imekatika. Nimemrekodi kwa simu, lakini video haifundishi mkono. Chuo kimoja cha ufundi kilitujibu hakina mtaala wake, basi.

Wenye uzoefu: vijana waanzie kujifunza kwenye nini, kama hakuna boila inayowashwa karibu? Na kwa Kenya, kupima boila kongwe kwa shinikizo la maji tunaomba kibali kwa nani?