Naomba ushauri: bulgogi ya mtu mmoja Seoul, isiyo na pombe

Wakuu, salaam. Napita Seoul peke yangu, nataka bulgogi, ile nyama ya ng'ombe ya Kikorea inayolowekwa kwenye sosi kisha kupikwa. Shida ya kwanza: mikahawa mingi ya kuchoma mezani haipokei oda chini ya sahani mbili. Ile ya chunguni, ttukbaegi bulgogi, huuzwa kwa mtu mmoja, ila ni ya mchuzi. Mimi naitaka ya mkaa, mtindo wa mji wa Gwangyang, huko kusini mwa Korea.

Ya pili ndiyo nzito. Kwenye sosi ya soya, sukari, kitunguu saumu, mafuta ya ufuta na tunda la pea lililosagwa, wapishi wengi huongeza mirin (pombe tamu ya kupikia) au mvinyo wa mchele kukata shombo. Nyama ikishalowekwa, huwezi kuitoa hiyo pombe. Karibu na msikiti wa Itaewon, wapi wanaloweka bila pombe? Na sahani moja wanakubali?