MREJESHO: Ukaazi wa wasanii wa chapa Ujerumani

Wakuu, heshima kwenu. Niliuliza hapa msanii wa chapa (anayechonga mbao au kuchora juu ya jiwe, kisha kuchapa picha kwenye karatasi) wa Dar aanzie wapi kutafuta ukaazi Ujerumani, yaani nafasi ya msanii kukaa na kufanya kazi zake huko kwa muda. Nawashukuru sana, mlinijibu kwa moyo.

Maombi ya nafasi zenye posho yote yalikataliwa. Kilichofanya kazi ni ushauri wa kutenganisha mahali pa kukaa na karakana yenye mashine. Nilipata studio Leipzig, kwenye kile kiwanda cha zamani cha pamba, Spinnerei, ila kodi nilijilipia, hivyo sikukaa muda niliotaka. Mbao nilichonga na kuchapa kwa mkono hapohapo.

Chapa za jiwe ndizo zilizonipeleka Berlin. Aliyenitajia karakana ya uchapaji ya bbk, chama cha wasanii wa Berlin, pale kwenye jengo la Bethanien, Mungu akubariki! Unakodi nafasi, mafundi wapo. Nimechora juu ya jiwe la chokaa la Solnhofen, aina ileile aliyoanzia Senefelder, mvumbuzi wa uchapaji wa jiwe, miaka ya 1790, na linashika hata mguso mwepesi kabisa wa kalamu.

Viza: barua ya mwaliko itaje tarehe na malazi. Karatasi za kuchapia nunueni hukohuko, zangu zilipata unyevu njiani.

Anayetaka kuona barua yangu ya maombi aseme, nitamtumia.