Nimelipa dola 20 nikimbizwe na muuaji, nimeishia kukimbizana na kishale

Wakuu, habari za usiku. Mods, uzi uacheni hapa hapa, msiusukumie kule kwa wauza pedi za gemu. Na jina la gemu silitaji, msinifuate inboksi. Nikilitaja tu atatokea mtu aseme nina chuki binafsi, au nimelipwa na washindani wao. Mimi nilipwe na nani? Mimi ndiye niliyelipa.

Ni hizi gemu za kutisha za kubofya kwa kipanya. Msichana kafungiwa kwenye hospitali ya zamani, kuna jibaba lenye msumeno linamnyatia. Kwenye tangazo wameandika kwamba imefuata nyayo za Clock Tower, ile gemu ya kutisha ya Kijapani ya zamani, na hapo ndipo waliponinasa. Mtu akinitajia Clock Tower akili inazima, mkono unaingia mfukoni wenyewe.

Basi nikajaza hela kwenye kadi ya simu, makato juu, dola 20 ikawa na kichwa chake na mkia. GB 31 nikazishusha kwa bando la usiku, siku tatu naamka saa nane kama nina mtoto mchanga. Jumamosi ikafika. Nimefunga mlango, nimezima taa, nimevaa hedifoni. Wife kaambiwa asigonge hata kama nyumba inaungua.

Saa ya kwanza: barua. Nasoma barua. Kuna daktari humo ameandika barua utadhani alikuwa analipwa kwa neno. Nafungua droo, msichana anasema "Hakuna kitu hapa." Nafungua nyingine, "Hakuna kitu hapa." Sawa, nikasema wananiandalia mazingira, niwe mvumilivu. Saa ya pili: barua zaidi, na fumbo la kupanga vichupa vya dawa kwa rangi. Jibaba limetokea nikiwa nimecheza saa mbili na dakika kumi na moja.

Sasa mnaonunua mnajua. Duka lile la gemu la mtandaoni linarudisha hela kama hujavuka saa mbili. Sisemi walipanga. Nasema tu kwamba niliomba nirudishiwe, na jibu la kukataliwa likaja ndani ya dakika nne. Msaada wa kiufundi niliouomba siku hiyo hiyo mpaka leo haujajibiwa.

Lakini hela siyo iliyonifanya nifungue uzi. Hela zinaliwa kila siku. Kilichoniudhi ni hivi: limetokea jibaba, nimeshtuka vizuri kabisa, moyo unadunda, nikabofya mlango ili msichana akimbilie huko. Jibaba limesimama mbele ya mlango. Kishale cha kipanya kikalishika jibaba badala ya mlango. Msichana akasimama, akaligeukia, akasema kwa utulivu mkubwa: "Ni mwanamume mkubwa. Ana msumeno."

Nikabofya tena. "Ni mwanamume mkubwa. Ana msumeno."

Akakatwa akiwa anaeleza.

Nikarudi. Gemu inaseivu yenyewe, huna hiari, na ilikuwa imeseivu jibaba likiwa hatua mbili nyuma yangu. Kwa hiyo kila nikifufuka nina kama sekunde moja na nusu ya kuishi. Nimekufa mara kumi na nne hapo. Ya kumi na tano nikapita, wala sijui nilifanya nini.

Kwa wadogo zetu wasiojua ninachokililia. Clock Tower ya kwanza ilitoka Japani Septemba 1995 kwenye Super Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, kazi ya studio ya Human Entertainment chini ya Hifumi Kono, nusu mwaka kabla dunia haijaijua Resident Evil, ile gemu maarufu ya mazombi. Kuna binti yatima, Jennifer Simpson. Yeye na wenzake Laura, Anne na Lotte wanapelekwa kulelewa kwenye jumba la familia ya Barrows huko Norwe. Mama aliyewaleta anakwenda kumwita mwenye nyumba, anakawia. Jennifer anamfuata. Nyuma yake zinasikika kelele, anarudi sebuleni, taa zimezimika na wenzake hawapo. Muuaji ni Scissorman, kijitoto chenye mkasi unaokaribia kimo chake. Unaweza ukaingia bafuni, ukamkuta Laura ananing'inia amekufa, na kabla hujamaliza kushangaa mkasi unachomoka kwenye beseni la kuogea.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hawa wa hospitali hawakulielewa. Kwenye gemu ile humwendeshi Jennifer. Unasogeza kishale, unamwonyesha nenda pale, halafu anakwenda yeye, kwa mwendo wake. Ngazi anapanda kama bi harusi anaingia ukumbini. Wewe umekaa, umeshafanya lako, unamtazama tu huku mkasi unalia nyuma, chak, chak, na huna la kumsaidia. Woga wote umekaa pale, kwenye ule muda kati ya kubofya na yeye kufika. Ni kama kumwelekeza mdogo wako kwa simu avuke barabara usiku. Unaona gari. Yeye halioni.

Ndiyo maana kubofya hakukuwa umaskini wa teknolojia. Watu wanadhani ilikuwa hivyo kwa sababu ya zamani. Hapana. Mngempa Jennifer mbio za kuendesha kwa kidole gumba angekuwa mchezaji wa kawaida tu anayekimbia kwenye korido.

Na Jennifer ni mzito, lakini ni mtiifu. Ukimwambia ingia chini ya kitanda, ataingia. Akikimbizwa sana anachoka, kapicha kake pale chini kanabadilika rangi kutoka bluu mpaka nyekundu, na dawa ni kumkalisha apumzike. Umkalishe chini! Kwenye nyumba yenye muuaji! Ukikaa unahesabu sekunde. Akikamatwa unagonga kitufe cha hofu mpaka kidole kiume. Akiwa na nguvu anajinasua, akiwa mwekundu ndiyo basi. Sheria zinaeleweka. Nikifa najua nimekufa kwa ujinga wangu.

Huyu wangu wa hospitali ni mbishi. Namwambia kimbia, anaeleza. Namwambia jifiche kabatini, anasema "Kabati. Limepakwa rangi nyeupe." Dada yangu, nimeliona kabati!

Halafu kimya. Muda mwingi kwenye Clock Tower hakuna muziki kabisa, unasikia viatu vya Jennifer tu kwenye sakafu. Kwa hiyo muziki ukianza mwili unajua kabla ya akili. Hawa wamepiga vinanda tangu menyu mpaka chooni. Muuaji akija wanaongeza sauti, basi. Nilitoa hedifoni kichwa kinauma, siyo kwa woga.

Na jibaba lenyewe lina uchu wa kuonekana. Baada ya kuchelewa saa mbili, lilipoanza halikupumzika. Niliweka saa ya simu: dakika ishirini, limekuja mara tisa. Mara ya tisa nilikuwa naliona kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi, unajua tu atapita. Napanga vichupa, linaingia, natoka, naingia kabati, linanusa, linaondoka, narudi kwenye vichupa. Lile kabati halijawahi kunisaliti hata mara moja. Kwa Scissorman sehemu ya kujificha inaweza kukugeuka, na ndiyo maana ukiwa ndani unabana pumzi wewe mwenyewe mbele ya TV.

Kuna watu wanasema tatizo ni kwamba gemu zote za muuaji mnyatiaji ziko hivyo. Siyo kweli. Chukua Alien: Isolation ya 2014, gemu ya kunyatiwa na mnyama wa anga za juu. Najua siyo ya kubofya, tulieni. Yule mnyama ana akili mbili: moja iko juu, inajua ulipo wakati wote lakini haimwambii, inampa fununu tu, nyingine ni yake mwenyewe, inatafuta kwa macho na masikio. Na ukishabanwa sana, ile ya juu inamwondoa, anaingia kwenye mabomba huko, unapumua. Mtu alikaa akafikiria lini mchezaji apewe nafasi. Jibaba langu linajua nilipo muda wote na halina mtu wa kulizuia. Nimelifungia mlango wa chuma ghorofa ya pili, nikashuka, nikalikuta ghorofa ya kwanza linanisubiri. Limepita wapi? Ngazi ni moja!

Mimi ugonjwa huu niliupata kwenye kibanda cha gemu, enzi za PS1. CD ya kuchoma, imeandikwa kwa kalamu ya wino. Ilikuwa Clock Tower ya pili, ambayo Marekani waliitoa 1997 kwa jina la Clock Tower tupu kana kwamba ya kwanza haikuwahi kuwepo. Shilingi 300 nusu saa. Wenzangu wote wanataka gemu ya mpira, Winning Eleven, mimi nalipia kumtazama binti anafungua milango. Kaka wa kibanda alikuwa ananihurumia. Lakini Scissorman alipotokea, kibanda kizima kilikuwa kinanyamaza. Vijana wazima, wapiga debe, wanapiga kelele "mfiche! mfiche dada!" Kiingereza tulikuwa hatuelewi nusu yake na ilitosha. Hawa wamenipa barua arobaini za daktari.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Mkuu uliyeniambia hata Kono mwenyewe alirudi 2016 na gemu ya NightCry, muuaji kwenye meli, mashabiki wakamchangia zaidi ya dola 300,000 na bado wakosoaji wakaichana: nakubali, na unanisaidia hoja. Kama fundi mwenyewe anaweza kuteleza, hawa wangekuwa na aibu ya kuandika jina la Clock Tower kwenye tangazo.

Na uliyesema si ununue tu ile ya zamani ilivyorudi. Ninayo. Clock Tower: Rewind, 2024, ndiyo mara ya kwanza ile gemu ya 1995 kutoka rasmi kwa Kiingereza, miaka 29 imepita, kabla ya hapo tulikuwa tunaishi kwa tafsiri za mashabiki. Nimeimaliza mara nne. Ina miisho tisa, na kila ukianza upya vyumba na vitu vinahama, kwa hiyo mara nne bado si kitu. Mara ya kwanza niliona gari, nikapata ufunguo, nikaondoka zangu nikijiona mjanja kuliko wote walioicheza. Mkasi ukatokea kiti cha nyuma. Sijakasirika. Nilicheka peke yangu kama chizi, kwa sababu niliwaacha wenzangu mle ndani na nilijua nimewaacha. Ndiyo maana nikatafuta nyingine kama hiyo, ndiyo maana niko hapa.

Anayesema "skill issue", yaani sijui kucheza, njoo uicheze kwangu, chai juu yangu. Kiti kipo.

NYONGEZA 2: Nimejaribu tena leo kabla ya kuifuta. Ghorofa ya tatu kuna lifti. Nimemwingiza msichana, nimebofya kitufe, mlango ukafungwa, nikashusha pumzi. Kugeuka, jibaba nalo limo ndani. Halikati. Limeganda, msumeno juu. Msichana naye kaganda. Lifti haipandi wala haishuki, na kwa kuwa gemu inaseivu yenyewe, imeshaseivu hapo. Kuna aliyevuka hii sehemu? Nimekaa dakika kumi, nimebofya ukuta, kitufe, sakafu, hakuna. Mwisho nikalibofya jibaba.

"Ni mwanamume mkubwa. Ana msumeno."