Je, orodha humfichua aliyeiandika?

Mrithi wa Daftari aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Baada ya msiba wa baba yangu nilikabidhiwa madaftari yake madogo saba, na karibu kila ukurasa ni orodha: kazi za siku, madeni, watu wa kuwajulia hali. Tulimfahamu kama mtu mkimya, na hakuwahi kutuambia kwamba jambo fulani linamkosesha usingizi. Hata hivyo, katika daftari la mwisho kuna mstari mmoja, "kumwandikia kaka", ambao umehamishwa kutoka ukurasa hadi ukurasa kwa muda wa miezi 11. Mambo mengine yote yamekatwa kwa mstari uliopigwa kwa rula. Huo haukukatwa hata mara moja, na kadiri siku zilivyosonga aliuandika kwa herufi ndogo zaidi. Ninaomba kuuliza, hasa waliosomea saikolojia: je, orodha humfichua mwandishi wake, au majonzi yananifanya nisome yasiyokuwamo?

Mwalimu wa Saikolojia alijibu:

Pole sana kwa msiba. Nianze kwa tahadhari: kupenda kuandika orodha, peke yake, hakutoshi kumpima mtu. Wengi hudhani kwamba mwenye orodha ni mtu wa mpangilio, ilhali wapo wanaoziandika kwa sababu wanajijua kuwa hawana mpangilio. Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwandishi wa Marekani wa karne ya 18, aliorodhesha maadili 13 na kujiwekea daftari la kutia nukta nyeusi kila alipokosea. Utaratibu ulikuwa wa tatu katika orodha hiyo, naye alikiri mwenyewe kwamba ulimsumbua kuliko mengine. Orodha yake inatuonyesha alichokitamani, na nukta zinatuonyesha alivyokuwa. Kwa hiyo, ukitaka kumjua mtu, tazama zaidi alama alizoziweka baadaye.

Kuhusu mstari ule, mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu aliowapima walizikumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko walizozimaliza. Mwaka 2011 wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba kiporo cha namna hiyo huacha kuisumbua akili pale mtu anapopanga waziwazi atakitekeleza lini na kwa njia gani, hata kabla hajakigusa. Ningependa kujua: je, mistari mingine ya marehemu ina saa na mahali?

Mtunza Nyaraka alijibu:

Mimi hushughulika na karatasi za watu waliokwisha kufariki, na swali langu la kwanza huwa ni hili: orodha iliandikwa isomwe na nani? Mwaka 1662, akiwa na umri wa miaka 19, mwanasayansi Mwingereza Isaac Newton aliorodhesha dhambi zake kwa mwandiko wa siri. Humo, kula tofaa kanisani kumo pamoja na kutishia kuwachoma moto mama yake na baba wa kambo, nyumba ikiwa juu yao. Mtu anayejieleza mbele ya wengine angechagua. Huyu alijihesabia yote, madogo kwa makubwa, na katika hilo ninamwona kijana asiyejisamehe kwa urahisi. Daftari la mfukoni la baba yako nalo halikuandikwa kwa ajili ya msomaji. Ninaliamini kuliko barua.

Mpita Njia alijibu:

Ninaheshimu maoni yaliyotangulia, lakini tusiharakishe kumtafsiri mtu asiyeweza tena kutujibu. Herufi huweza kupungua kwa sababu ya macho, maradhi ya mkono au ufinyu wa karatasi.

Mrithi wa Daftari alijibu:

Ninawashukuru nyote. Ndugu Mpita Njia, nimelinganisha kurasa: mistari iliyo juu na chini ya ule ina herufi za kawaida hadi ukurasa wa mwisho. Mwalimu, umeuliza vema, kwani karibu kila mstari una saa, hata wa kununua betri ya redio, isipokuwa huo mmoja. Hakuusahau, wala hakuupuuza. Kila asubuhi aliuandika upya kwa mkono wake, na kila asubuhi alishindwa kuuwekea saa. Baba mkubwa yungali hai. Nimeandika jina lake kwenye ukurasa mtupu unaofuata, na kando yake nimeandika: kesho, saa nne asubuhi.